Chini ya Gari la Baba Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa, baba mkwe wangu hakuwahi kuniona uso. Ndiyo heshima ya wazee wa Nkunga: mkwe wa kike akisikia kikohozi cha baba mkwe, anachepukia migombani. Nami nilichepuka mpaka migomba ikanizoea.

Kisha mume wangu akatangaza kwamba atalifufua gari la mzee, lile la kupandia milima, ambamo kuku walikuwa wakitagia nyuma ya nyumba. Mume wangu ni mwalimu mzuri sana. Spana haijui. Mtoto wa fundi magari wa Msasani ni mimi. Basi tukaelewana: yeye atakuwa fundi mbele za watu, mimi nitakuwa chini ya gari.

Mchana mmoja, yeye akiwa shuleni, nilikuwa nimelala kwenye gunia nakwangua kutu nikasikia kikohozi. Pa kukimbilia hapakuwepo. Mzee akageuza ndoo, akaketi, akanipa mgongo, akaanza kuongea na gurudumu. Akauliza kama springi bado zinafaa. Nilikuwa nimevaa ovaroli na viatu vya mume wangu, nikajua ananidhania mwanawe. Nikagonga chesisi kwa spana mara moja: ndiyo.

Akawa anakuja kila alasiri, hata mvua ikinyesha. Alinisimulia wagonjwa aliowabeba, na maharusi aliokwama nao matopeni wakasukuma na suti zao. Baba yangu alishafariki. Nakiri nilianza kuzingoja alasiri hizo, na kazi ya wiki mbili nikaifanya kwa miezi mitatu.

Nilipogonga kumjulisha kwamba nimemaliza, aliinuka polepole.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru. "Mwambie mumeo aache kujisifia kanisani."

Nililia palepale chini ya injini, oili ikinidondokea shingoni.

Jumapili gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Mume wangu akampeleka mzee ibadani, akapongezwa na usharika mzima. Mimi nilibaki dirishani jikoni, nimenuna. Gari zima halihitaji mtu chini yake.

Jumatatu alasiri nikasikia kikohozi, kisha ndoo ikigeuzwa. Mzee alikuwa ameketi, mgongo umeelekea jikoni.

"Kuna kitu kinagonga huku chini," aliliambia gurudumu.

Gari lilikuwa limezimwa tangu jana. Nikachukua gunia langu, nikatambaa chini, nikagonga mara moja.