Kata ya Maji Mbele ya Mama Mkwe wa Koku

Mkasa huu kwetu Muleba sijausimulia, na nyie ninaowaambia hapa Bukoba naomba uishie hapa hapa, maana mama akiusikia sitakula tena kwake.

Mnajua dada yangu Koku aliolewa na Mjapani, yule Kenji aliyekuja kwetu kufundisha kilimo cha migomba, wakahamia kwao Japani. Mama mkwe wake hakuitaka ndoa hiyo, miaka mitatu hakukanyaga kwao, mpaka mtoto alipozaliwa ndipo akakubali kumpeleka yeye mwenyewe kwenye hekalu la Shinto, la zamani sana, limebanwa na maghorofa katikati ya Tokyo, ambako watoto wote wa ukoo wao huombewa. Upande wetu nikatumwa mimi (baba alishafariki, na mwingine asiye na shamba wala kazi ya kumfunga mahali hatunaye). Mama aliniambia neno moja tu: "Rwega, huko wewe ndiye ukoo mzima."

Kenji alitushusha langoni akaenda kuegesha gari, akasema nimsubiri, atanionyesha kila kitu. Mimi na kusubiri mnatujua (hata darasa la sita sikulisubiri liishe). Nikaona birika la mawe chini ya kibanda, maji yanatiririka, kata za mianzi zimepangwa, nikajisemea kumbe hawa ni kama sisi, mgeni anakaribishwa na kinywaji mlangoni. Nikachota, nikaweka mdomo kwenye kata, nikamaliza yote kama ninakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu waliokuwa karibu wakanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Sasa kwetu huwezi kunywa peke yako na mkubwa amesimama. Nikachota tena kwa kata ileile, nikainama, nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Alikuwa amembeba mtoto, na juu ya mtoto ametandaza hariri nyeupe aliyofunikwa Kenji utotoni, na kabla yake baba yake Kenji. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaona anaona haya, nikasogea hatua moja.

Koku akanibembeleza taratibu nyuma yangu, "Rwega, waitu, weka chini. Hayo ni ya kunawa."

Nikageuka kumsikiliza, na kata ikageuka nami. Maji yote juu ya hariri. Mtoto akalia, nami kwa kuhangaika nikachomoa kitambaa changu kipya chekundu nikaanza kufuta, nikafuta kwa nguvu, na kitambaa kikachuja rangi.

Koku alitazama chini, machozi yanamdondoka, na mtoto akaingizwa kuombewa hivyo hivyo na doa lake.

Mchana tulipokaa mezani chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa. Mama mkwe akainua kikombe, akanitazama mpaka nikamtazama, akanywa kidogo, akakiweka chini, akanitikisia kichwa, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Nina miaka thelathini na minne. Nikanywa. Akasema jambo, Kenji akanitafsiria: "Anasema mtoto wa pili akizaliwa uje tena. Ila unisubiri niegeshe gari kwanza."

Tangu siku hiyo ugenini sigusi hata glasi ya maji kabla sijaona mwenyeji anavyoishika.

Picha ya siku ile mama ameitundika sebuleni. Kila mgeni anamwonyesha lile doa jekundu, anamwambia ni urembo wa Kijapani. Nami nakaa pale pale, natazama miguu yangu.