Pepo wa Hita

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye maombi huku ughaibuni kwenye baridi, Etobicoke, kwa mama mmoja aliyetoka Bukavu. Hita yake ya mvuke, lile dude la chuma chini ya dirisha la kupasha chumba joto, ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ofisi ya jengo ilikuwa imemwambia atazoea. Mchungaji alimwambia ni pepo.

Tukaizunguka, mikono juu. "Toka!" mchungaji akaikemea. Ko! ko! ko! Akapandisha sauti, nayo ikapandisha.

Mama mwingine, mfanyakazi wa kiwanda cha kufulia mashuka, alikuwa amepiga magoti. Nilidhani ameguswa. Kumbe anakagua miguu ya hita.

"Dada, huku mwisho hakukuwa na vibao?"

"Vilikuwepo viwili. Nilivitoa nilipoanza kupokea wageni wa maombi, vilinitia aibu."

"Virudishe. Hita lazima iinamie upande wa bomba, maji yapate kurudi. Yakituama humo, mvuke unayapiga."

Wanaume wawili tukainua mwisho wa hita kwa mataulo, yeye akasukumia vibao. Tukangoja. Kimya.

Mchungaji akafuta jasho. "Mmeona nguvu ya maombi?"

Tukaitikia amina, na yangu ilisikika kuliko zote. Yaani pepo tulimleta sisi wageni, akafukuzwa kwa vibao viwili, sifa akachukua mwenye sauti.

Jumapili ushuhuda ulitolewa kanisani kwa shangwe. Mama wa kiwandani naye hakusahauliwa: alionywa kwamba siku nyingine, wakati wa maombi, afumbe macho.