Tangu Nipewe Msaada wa Serikali, Majirani Wananiogopa

Mhariri, nashukuru umekubali kulificha jina langu. Majina mengine humu nimeyabadilisha, na msomaji akihisi ananijua, namwomba anyamaze.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa magharibi ya nchi. Naishi na watoto wangu wawili, Alisi na mdogo wake, huku upande wa Kangemi, kwenye chumba cha kupanga. Mume wangu alikuwa mpishi wa Wazungu kule Kilimani. Mwaka jana alishikwa na homa ya mapafu akafa, na kabla matanga hayajaisha tukaambiwa tutoe vyombo vyetu kwenye nyumba ya wafanyakazi, mpishi mpya amefika. Kurudi nyumbani sikutaka. Ndugu ya marehemu ananingoja anirithi, na huyo ndiye aliyemvunja taya mke wake wa kwanza.

Aliyenipokea ni Mama Njoki, mwenye nyumba hii. Ni Mkikuyu wa hapa hapa, shamba ni la baba mkwe wake. Mume wake alichukuliwa na serikali Emajensi, hii hali ya hatari, ilipoanza, na hadi leo yeye hajui mumewe amefungwa kambi gani. Hata hivyo alinipa chumba akasema kodi nitalipa nikipata kazi. Watoto wetu wakawa wanakula sahani moja.

Kanisani tukasikia kuna ofisi ya serikali mjini inayosaidia watu waliofikwa na shida ya ghafla. Tukaenda pamoja, mimi na Mama Njoki, kwa miguu. Yeye aliambiwa pale pale mlangoni kwamba mke wa mfungwa hana fungu. Mimi niliitwa ndani na karani mmoja, nitamwita Bwana Meshaki, ambaye alisema ni mtu wa kwetu na akaniita shemeji kabla sijakaa. Nikatoka na unga, blanketi na pesa za kututosha mwezi mzima. Tulirudi kupitia River Road. Tulipofika nilimgawia unga nusu, naye akapokea.

Baada ya hapo Bwana Meshaki akaanza kuja. Alisema ni sheria ya ofisi kuwatembelea wanaosaidiwa. Alikuja na gari ya serikali, akaomba kiti, akaketi nje uani ambapo kila mpita njia anamwona. Mara ya kwanza aliuliza habari za watoto tu. Mara ya pili akaniuliza kwa sauti ya chini nani hulala nyumba kubwa kwa Mama Njoki, na nani huja kupewa chakula. Nikasema sijui, mimi nikishafunga mlango sioni kitu. Akatabasamu kana kwamba nimejibu vizuri. Halafu akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na sauti yake ikapanda mpaka ng'ambo ya ua.

"Asante sana, shemeji. Leo umetusaidia sana."

Sikuwa nimemsaidia kitu. Nilisimama pale nikitazama wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe upande wa pili. Hakuna aliyeinua kichwa.

Kesho yake asubuhi askari walikuja. Walipekua kila chumba cha ploti hii, wakamwaga hata mahindi ya Mama Njoki, wakamchukua mpwa wake, kijana anayefanya kazi ya useremala. Mlango wangu waliupita. Hawakuugusa.

Tangu siku ile nikifika bombani maongezi yanakatika. Watoto wangu wakitoka kucheza, wenzao wanaitwa nyumbani. Mama Njoki alinijia mara moja tu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Alisi, mimi sikuulizi kitu," akasema. "Lakini kuna wengine, na wao pia hawatakuuliza."

Nikaenda ofisini kumwambia Bwana Meshaki kwamba msaada wao sitaki tena. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akaagiza chai, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema watu wa kule wameshaamua mimi ni nani, na hata nikirudisha lile blanketi hawatabadilisha mawazo.

"Ukiacha kuchukua, nami nitaacha kupita," akasema. "Na nikiacha kupita, shemeji, nani atajua kama umeamka salama?"

Ndipo nikaelewa kwamba zile shukrani za sauti kubwa hazikuwa za bure. Anasema mwisho wa mwezi atakuja na gari anihamishe mjini, chumba kipo, shule ya watoto ipo. Anachotaka ni jina moja tu: la mtu wa msituni anayekuja usiku jikoni kwa Mama Njoki.

Wasomaji, jina hilo ninalijua. Mwenyewe nimemwona kwa macho yangu, na laiti nisingemwona. Sijalitamka mahali popote.

Juzi niliamka kuwasha moto, nikasukuma mlango ukakataa. Nikasukuma kwa bega. Kumbe ulikuwa umefungwa kwa nje, kamba ya katani imezungushwa kwenye komeo mara nyingi, na kizingitini palikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Watoto wakaanza kulia. Niliita, nikisikia watu wakipita uani na ndoo zao, hakuna aliyesimama. Mwishowe kamba ikakatwa kwa panga. Alikuwa Mama Njoki. Alinitazama, akawatazama watoto, akarudi kwake na panga lake.

Nikipanda ile gari, nitakuwa nimekubali kile wanachosema juu yangu, na nitadaiwa jina. Nikibaki, mlango wangu ni wa mbao na paa ni la nyasi kavu za zamani. Mwisho wa mwezi umekaribia. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wenye mama, dada na watoto, niambieni: nipite njia gani?