Mabega Tuliyoazimwa

Walisema sitaweza. Kwanza walisema mtoto wa mkulima wa maharage wa Nyabiondo hatamaliza masomo Goma. Nilipomaliza na kurudi na diplome ya kutibu viungo na misuli, wa kwanza kilimani kwetu, wakapata neno jingine. Jirani yetu wa bondeni alilitoa mbele ya kanisa, watu wakacheka: "Muntu wa diplome hawezake beba kipoyi. Ataogopa shati yake itachafuka!"

Kipoyi ni machela ya mianzi inayobebwa mabegani na wanaume wanne. Kwetu, nyumba ikikubebea mgonjwa hailipwi pesa. Siku yao ikifika unaleta bega. Miaka yote niliyokuwa Goma, majirani walimbeba mdogo wangu wa kike kila Jumapili kwenda kuimba kanisani. Baba alikuwa na mgongo mbovu. Mabega yote hayo yalikuwa yananingoja mimi.

Ugonjwa wa mdogo wangu ulikuwa wa misuli. Utotoni vigimbi vyake vilinenepa, wageni wakampongeza mama: "Uko na mutoto wa nguvu!" Lakini akikaa chini, aliinuka kwa kujishikilia mapaja, mikono ikipanda kidogo kidogo. Baadaye hakuinuka tena. Dawa ya kumrudishia miguu hatukuwa nayo.

Daktari wa hospitali alijali pumzi na mgongo wake, akashauri asibebwe tena Jumapili. Mama alikataa.

"Mukimufungia mu nyumba, munamuchungia nani?"

Mdogo wangu alinivuta shati. "Kaka, mu kipoyi naonaka mawingu tu. Nataka kuona bantu."

Nikaenda kwa fundi wa chukudu, anayechonga yale magari ya mbao ya kusukuma, nikamchorea kiti: egemeo la kushika mbavu, kibao cha kunyoosha nyayo. Tukakifunga kwenye mianzi. Nikamwambia daktari kwamba anayekaa wima anapumua vizuri, na anayeimba anazoeza kifua. Alikuja kukitazama, akazunguka mara mbili, akakubali. Kutoka kwetu hadi Kirolirwe hakukuwa na kiti kama kile, na nitalisema hadharani: ni kazi yangu.

Kila Jumapili nilibeba mbele. Akitaka tupunguze mwendo aone maharage yakitoa maua, aligonga mwanzi kwa kidole, nami nikahisi mgongo huo begani. Alifika kanisani akiwatazama watu usoni, akaimba. Kisha kifua kikachoka. Tulimzika upande wa juu wa shamba.

Niliendelea kulipa, nyumba kwa nyumba. Ya mwisho ilikuwa ya yule jirani wa bondeni, mama yake mzee alipovunjika nyonga. Nilivaa shati jeupe makusudi. Kwenye mteremko wa matope jirani akaniita, "Docteur, lete nikupokee."

"Hapana, Papa. Hii njo ya mwisho."

Tulipomteremsha bibi hospitalini, alinipangusa tope kwenye kola. "Shati imekufa," akasema, akicheka. "Lakini mu kilima yetu hauna tena deni ya muntu."

Wabebaji wakapiga makofi. Niliyastahili.

Tukarudi na kipoyi kitupu, kikiwa chepesi mno begani. Kwenye kona ya mashamba, maharage yalikuwa yametoa maua. Nikapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyegonga.