Simba wa Baba Mdogo

Jani la mpera likipondwa hutoa harufu kali, nusu dawa, nusu tunda. Wenzangu hulichemsha wakishikwa na kikohozi. Mimi harufu hiyo ikinifikia puani namkumbuka baba mdogo Makori na simba wake, na uso hunikunjika wenyewe.

Makori alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii. Karani tu, lakini ungemkuta sokoni Nyakoe akisalimia watu kwa ncha za vidole, ungedhani ofisi ni yake na mji ameukodisha kwa hisani. Hata akiongea na mama yake mzazi alipenda kuchomeka Kiingereza, na mama huyo hakukijua hata neno. Mama huyo ndiye Magokoro, nyanya yangu, mchuma chai wa Itumbe, aliyenilea.

Nilipokuwa na miaka kumi, baba mdogo alitangaza kwamba anakwenda Uganda "kutalii". Alinichukua kwa sababu hakuwa bado na mke, na alihitaji mtu wa kumpiga picha.

Kampala ilinipumbaza. Vilima vilivyojaa nyumba hadi kileleni, pikipiki zikipenya kama siafu, akina mama wakikunja chapati na mayai kando ya barabara. Zaidi ya yote, kongoti. Ndege wenye vipara, warefu karibu kama mimi, walisimama juu ya mapaa wakitazama watu chini, kama wazee wa kanisa wanaongoja mahubiri yaishe. Nilimwuliza baba mdogo ndege hao wanakula nini.

"Takataka," alisema, macho kwenye simu. "Usiwapige picha. Watu watadhani tulikuja jalalani."

Hivyo ndivyo alivyouona mji ule: mlango wa hoteli ambamo hatukulala, gari jeupe lisilo lake, na yeye mbele yake, tumbo ndani, kidevu juu. Nilipiga picha hadi kidole kikachoka.

Siku ya tatu tulikwenda Entebbe kwenye bustani ya wanyama. Kulikuwa na ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mwalimu mkuu. Alisimama kimya bila kupepesa, nami nikasimama kimya mbele yake, hadi baba mdogo aliponivuta mkono. Alikuwa akimtafuta simba.

Simba tulimkuta nyuma ya waya, amelala ubavu kama mtu aliyeshindwa na ugali. Baba mdogo alikasirika kana kwamba waya ule umewekwa kumkomoa. Kisha akatazama huku na huku, akavunja tawi la mpera kando ya njia, akanipa.

"Kemunto, inama hapa. Funika waya. Usitikisike."

Akamwomba mgeni mmoja ampige picha. Niliinama na tawi langu, majani yakinisagikia mkononi, hadi simba alipoinua kichwa na kupiga mwayo.

Wakati huo wakulima wa upande wetu walikuwa wakitafuta mwenyekiti wa kituo cha kupimia chai. Baba mdogo hakuwahi kuchuma hata kikapu kimoja, lakini alikitaka kiti. Tuliporudi, Jumamosi moja baada ya kanisa, maana sisi ni Wasabato, aliwakusanya nyumbani kwa Magokoro, akatundika ukutani ile picha, imekuzwa kama kalenda. Akasimulia jinsi alivyokutana na simba porini, hatua kumi tu, na jinsi simba alivyomngurumia.

"Mwulizeni Kemunto," alisema. "Alikuwepo."

"Ndiyo," nikasema. "Alinguruma."

Wakapiga makofi. Magokoro peke yake aliinuka, akaisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Makori, hivi vidole vilivyoshika tawi ni vya nani?"

Baba mdogo alicheka kwa sauti kubwa mno. "Mama, hayo ni maua ya porini. Macho yako yamechoka. Au siyo, Kemunto?"

Magokoro akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja tu.

"Magokoro haoni vizuri siku hizi," nikasema.

Watu wakacheka, yeye akarudi kwenye kigoda chake. Juma lililofuata baba mdogo alichaguliwa. Magokoro hakulitaja jambo hilo tena hadi alipofariki. Aliendelea kunipakulia chakula kwanza, kama zamani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba niliwadanganya watu wazima wote mle ndani. Nimekua nikaelewa kwamba hawakudanganyika hata kidogo. Vidole vilionekana hata ukiwa mlangoni. Mmoja alitaka mwanawe atafutiwe kazi mjini, mwingine alitaka barua yake isogezwe mbele kule ofisini, wakapiga makofi huku wakimdharau, naye akapokea makofi huku akiwadharau. Kumdharau Makori ni rahisi, nafanya hivyo bila jasho, na wapiga makofi wake pia. Kazi ngumu ni kumtazama yule msichana wa miaka kumi. Aliulizwa swali moja la kweli, na mtu pekee aliyempenda bila kutaka kitu, akamwita kipofu ili wageni wacheke.