Jukwaa la Magunia

Mimi ni mhandisi wa viwanda. Nachunguza jinsi kazi zinavyoumiza miili ya watu, natafuta namna ya kuzirahisisha. Kwa nilivyozunguka Katavi, naona mabosi wanapenda ushauri kama kalenda, wa kutundika ukutani.

Mmoja ana mashine ya kukoboa mpunga pale Kashaulili. Vibarua wake walikuwa wanainama hadi chini kunyanyua lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita mdomo hadi yanashonewa kipande kingine juu. Nikamwambia aache lumbesa. Akacheka, eti wateja watamkimbia. Basi, nikasema, jenga jukwaa la kufika kifuani, magunia yakae juu, mtu apokee begani bila kuinama.

Alijenga, tena la saruji, akalipaka na rangi. Niliporudi nikakuta juu yake kochi, feni na bosi mwenyewe, anawasimamia vibarua wanaonyanyua lumbesa kutoka sakafuni kama zamani.

"Karibu, mtaalamu," akasema, mkono kiunoni. "Hebu niangalizie hili kochi. Siku hizi mgongo unanisumbua kweli."

Nikamwambia dawa ni rahisi: ashuke, apishe magunia.