Jiwe Lililosafishwa Kupita Kiasi

Ukinunua kokoto kwa Laurencia wa kijiji cha Daa, uchafu huuoni. Uchafu kwake ni ile michirizi myeusi inayong'aa, inayobanduka kwa ukucha kama magamba ya samaki. Mafundi hawaitaki, wanasema inalegeza zege. Basi akipasua jiwe, nyeusi anairusha nyuma ya jiko, nyeupe ngumu anabaki nayo. Miaka kumi na nane hiyo, mpaka mkono wa nyundo umenenepa kuliko mwenzake.

Ndiyo maana Lilian alipokuja, binti wa Kimasai kutoka Arash anayesomea miamba chuoni, watu wakampeleka kwake. Alikuwa na jiwe moja la kwenye korongo la kuteremkia ziwa Eyasi, mistari myeupe na myeusi, vitone vyekundu kibao.

"Mama, nipasulie, unifungie kwenye mfuko."

Laurencia akapasua. Akasafisha kwelikweli, maana ni mgeni.

Baada ya wiki tano Lilian huyo, mfuko mkononi, uso umemshuka.

"Mama, jiwe lote liko humu?"

"Lote. Nimekutolea takataka tu."

"Takataka gani?"

"Ile nyeusi."

Lilian akakaa juu ya kokoto, puu!

"Mama, mimi naiambia kompyuta jiwe lina nini, kila kitu na kiasi chake. Yenyewe inanichorea ramani: kwa kina hiki na joto hili, madini gani yanaishi, na jiwe linaanza kuyeyuka wapi. Sasa imechora ramani isiyo na yale madini ya vitone vyekundu hata kidogo. Na jiwe limejaa!"

"Si kompyuta yako mbovu?"

"Kompyuta nzima. Kule chini jiwe liliyeyuka kidogo. Nyeupe ndiyo iliyoyeyuka ikaganda palepale, nyeusi ndiyo iliyobaki. Ukitupa moja, ni kama kumpima mtu uzito umeiacha miguu yake nyumbani."

"Kachukue lingine basi."

"Malori ya wajenzi wa barabara yamebeba mwamba wote. Na mwezi ujao natakiwa nitetee kazi yangu mbele ya walimu. Sina kitu, mama."

Laurencia akainuka. Tangu ashike nyundo, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia jiwe. Akazunguka nyuma ya jiko, akafukuza mbuzi waliolalia lile lundo.

"Nyie Wamasai si mnamjua ng'ombe wenu kati ya mia tano?"

"Tunamjua."

"Kaa hapo utazame Mwiraqw anavyoyajua mawe yake."

Akaanza kuchambua. Hiki cha bwana mwenye nyumba ya bati jekundu. Hiki cha kanisani. Hiki... alaa! Akakipachika kwenye kipande cheupe cha mfukoni, kikakaa kama jino kwenye ufizi. Lilian akawa anafunga kwa mpira wa baiskeli, anacheka na machozi yanamtoka. Jua linainama, jiwe likasimama, kubwa kama mkate, limepungukiwa pembe moja na ule unga uliokwenda maabara.

"Inatosha?"

"Inatosha, mama. Safari hii linasagwa lote."

Wiki ya tatu simu ikaita.

"Mama! Vyekundu vimetokea kwenye ramani! Kilomita kama thelathini chini, joto nyuzi mia saba na hamsini, na kuyeyuka kunaonekana!"

"Walimu wamekubali?"

"Wamekubali! Sasa nakuandika kwenye ripoti, kwamba wewe ndiye uliyelipasua."

"Weee, usithubutu! Wateja wasikie nimetoa jiwe na uchafu wake? Andika nimeliunganisha."